Gunzi Kwenye Shingo ya Mtungi

Wilhelmina hakuogopa mamba wala wachawi, na mtu wa Mwanza asiyeogopa hata kimoja kati ya hivyo viwili, watu humtazama mara mbili. Alichoogopa yeye ni chombo kilichozibwa. Chupa ya soda iliyosahauliwa juani ilitosha kumfanya avuke barabara. Walimu wenzake walimcheka, naye alicheka pamoja nao, ila sababu hakuwaambia. Kutosema ndiyo ilikuwa tabia yake, na ndiyo iliyokuja kumtokea puani.

Sababu ilikuwa Chenge. Chenge alikuwa fundi wa maabara katika chuo ambacho Wilhelmina alisomea fizikia huko Dar es Salaam, mtu wa mizaha, asiyeweza kumpita mwanafunzi bila kumpa jina la utani. Siku moja alikuta mtungi wa nitrojeni umezibwa. Nitrojeni ni hewa tu, hii hii tunayoivuta, ila ikipozwa sana inageuka maji, maji yanayochemka muda wote hata ukiyaweka juu ya barafu. Yakichemka yanarudi kuwa hewa, na kikombe kimoja cha maji yale huzaa hewa ya kujaza karibu pipa zima. Ndiyo maana kifuniko cha mtungi wake hulegezwa makusudi, ili hewa ipumue kidogo kidogo. Ukiziba, haina pa kwenda. Chenge aliinama auzibue kwa mkono. Wilhelmina alikuwa amesimama mlangoni. Mtungi ulitoboa dari, na Chenge, ambaye alipona, hakuona tena kwa jicho la kulia, wala hakumtania mtu tena.

Sasa utauliza, mwoga kiasi hicho alikuwa anatafuta nini na mtungi wa namna hiyo nyumbani kwake? Alikuwa na jiwe. Ukipenda, chongo utaita kengeza.

Mumewe, Elias, alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Wanawake wengine huletewa vitenge. Yeye aliletewa jiwe jeusi la ukubwa wa harage, lenye pande zilizonyooka kama kazi ya sonara, na ukilisogeza karibu na sindano, sindano inalifuata. Wilhelmina alililia machozi. Lilikuwa fuwele ya magnetaiti, ndugu wa yale aliyoyasomea chuoni miaka yote. Ndani yake kuna chembe za chuma zimejipanga safu kwa safu na oksijeni, na kati ya chuma na chuma elektroni zinarukaruka, hazina kwao, kama wachuuzi wa soko la samaki la Mwaloni mitumbwi ikitia nanga. Kwa kuwa zinarukaruka, umeme unapita. Lakini lipoze jiwe hilo mpaka nyuzi mia moja na hamsini chini ya sifuri, na ghafla kila elektroni inakaa. Chuma hiki kinabaki na ya ziada, kile hakina, kila moja mahali pake, na hakuna inayothubutu kusogea kwa sababu ya jirani yake. Umeme unagoma. Mpango wenyewe ukoje hasa, wataalamu wamegombana tangu zamani. Wilhelmina aliandika tasnifu nzima juu ya chaji zinavyojipanga hivyo, na hakuwahi kuliona jambo lenyewe hata mara moja, kwani baada ya ajali ya Chenge mitungi yote ilifungiwa stoo. Kisha serikali ikaanza kupunguza watu, nafasi yake chuoni ikafutwa, akarudi Mwanza kufundisha sekondari.

Mtungi aliupata kwa Mashimba, bwana mifugo, aliyekuwa akiutumia kutunzia mbegu za madume ya kisasa kwa ajili ya ng'ombe wa wafugaji. Mwaka ule kila kitu kilikuwa kinauzwa au kinafungwa. Viwanda vya minofu ya sangara viliota kando ya ziwa kama uyoga, na ofisi za serikali zikanyauka. Wafugaji waliambiwa wajitegemee. Lori lililokuwa likileta nitrojeni kutoka Arusha lilikuja mara ya mwisho, na Mashimba mwenyewe alikuwa ameshapewa barua yake ya kuagwa.

"Chukua, mwalimu," alimwambia. "Mbegu zimeshaharibika. Mimi nakwenda Kwimba, nina madume mawili ya mbuzi yanayojua kazi yao bila kusaidiwa. Ila hiyo ndiyo ya mwisho. Ikiisha, imeisha."

Ilikuwa likizo, maabara ya shule imefungwa na mkuu wa shule amesafiri na funguo. Nitrojeni haingoji funguo. Kwa hiyo Wilhelmina aliupeleka mtungi nyumbani kwake Kirumba, kwenye nyumba yake ya vyumba viwili iliyobanwa katikati ya mawe makubwa juu ya soko la samaki, akauweka sakafuni chumbani. Kila alipoupita alitazama kifuniko. Kilikuwa kipande cha sponji ngumu, kimechakaa, kimelegea vizuri. Moshi mweupe ulitambaa kutoka shingoni ukashuka sakafuni ukapotea. Aliuona moshi ule kama mtu anavyoona kifua cha mgonjwa kikipanda na kushuka, na akatulia.

Asubuhi ile ya Ijumaa alilifunga jiwe kwa nyaya nyembamba za shaba, akalishusha ndani ya mtungi, ncha za nyaya akazitoa nje kupitia pembeni mwa sponji. Alipowasha mita aliyoazima shuleni, mshale haukutikisika. Betri imekufa. Alitamani kulia. Betri ya namna ile ilipatikana mjini, Mirongo, dukani kwa mzee Taherali, na kila saa iliyopita nitrojeni ilikuwa inakwenda zake.

Mama yake, Getruda, alikuwa kwenye kiti karibu na kitanda cha Precious, mtoto wa Wilhelmina wa miaka mitano, aliyekuwa na malaria. Getruda alikuja kutoka Magu kumuuguza mjukuu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, na alikuwa amemsomesha binti yake kwa kupika wanzuki, ile pombe ya asali. Vyombo alivijua. Kibuyu cha maziwa alikiziba kwa gunzi la muhindi lililovikwa kitambaa, kikazibika hata ukikipindua. Kibuyu cha wanzuki inayochemka hakukiziba kamwe, kisije kikapasuka, na mkwe aliyekosea hilo alisutwa mpaka aliporudi kwao kusalimia.

"Mbona hilo dude linatoa moshi?" aliuliza.

"Dawa ya ng'ombe, mayu," alijibu Wilhelmina, kwa neno la Kisukuma la kumwita mama. "Usiiguse."

"Haliungui?"

"Ni la baridi. Mayu, we liache tu, ni kitu cha thamani, kikiisha hakuna kingine. Nakimbia mjini narudi sasa hivi."

Angeweza kusema zaidi. Alikuwa na digrii mbili juu ya jambo lile na ulimi wa Kisukuma aliozaliwa nao. Lakini alikuwa na haraka, na ndani ya moyo wake, tuseme ukweli, aliona mama hataelewa. Akabeba mkoba akatoka.

Mirongo alikuta duka la Taherali limefungwa; mzee amekwenda msikitini. Alisimama kibarazani akibadili mguu, mpaka mzee alipofika na kofia yake nyeupe, akamtafutia betri chini ya meza kwa utaratibu wa mtu asiyekimbizwa na maji wala moto. Wilhelmina alirudi mbio mbio, jasho likimtiririka, akiomba tu akute hata robo ya mtungi imebaki.

Getruda alikuwa uani akichambua dagaa kwenye ungo.

"Shikamoo, mayu. Mtoto?"

"Marahaba. Amelala, homa imeshuka." Getruda alitabasamu kama mtu mwenye zawadi. "Na lile dude lako nimelitengeneza."

"Umelitengeneza vipi, mayu?"

"Lilikuwa linavuja lote! Kifuniko chenyewe kimelegea, moshi umejaa chumba. Nikasema mwanangu atarudi akute kikavu, na keshasema hakuna kingine. Nikalitilia gunzi. Nimelivika kitambaa, nikakilowesha kikakaa sawasawa, juu nikakaza kwa mpira wa baiskeli. Nenda kaangalie. Hata pumzi haitoki."

"Liko wapi?"

"Chini ya kitanda cha mtoto. Lina baridi nzuri. Homa ile ilikuwa inamuunguza mjukuu wangu, nikaona limpoze."

Wilhelmina hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika mlango wa chumba. Alikumbuka tu alipofika, na kwamba alitega sikio na hakusikia kitu. Asubuhi mtungi ulikuwa ukinong'ona, sauti ndogo ya kitu kinachochemka mbali. Sasa ulikuwa umenyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Watoto wa shule huimba methali hiyo bila kuwaza, na yeye aliisikia kichwani kwa sauti zao.

Mtungi ulikuwa chini ya kitanda cha chuma, palepale chini ya mgongo wa mtoto. Kitambaa kilicholoweshwa kilikuwa kimeganda, kimekuwa jiwe jeupe lililoishika shingo ya mtungi. Maji yale ya mama yake yalikuwa barafu sasa, na barafu ilikuwa imelikamata gunzi kuliko mpira wowote wa baiskeli. Ukiliangalia bila kujua ungesema ni chombo kilichotunzwa kwa upendo, na ungekuwa umesema kweli. Nyaya za shaba, Getruda, mtu wa usafi, alikuwa amezizungusha vizuri kwenye mguu wa kitanda zisimkwaze mtu. Kukisogeza kitanda ni kuuvuta mtungi.

Miguu yake ikagoma. Alijiambia nenda, na haikwenda. Alimwona Chenge akiinama. Aliona dari. Hofu ilikuwa imempoza mwili mzima mpaka kila kitu ndani yake kikakaa mahali pake na kukataa kusogea, na alijua, kwa sehemu ya akili iliyokuwa bado inafanya kazi, kwamba ndani ya mtungi ule, gizani, jiwe lake lilikuwa limekaa vivyo hivyo, elektroni zimejipanga kama alivyotamani kuziona tangu usichana. Alilichukia jiwe lile.

Precious akakohoa usingizini na kujigeuza. Chaga za kitanda zikalia.

Mlio ule ndio uliomtoa mlangoni. Alivuka chumba kwa vidole vya miguu, akainama juu ya mtoto bila kugusa kitanda, akapitisha mkono mmoja chini ya shingo na mwingine chini ya magoti. Mtoto alikuwa wa moto, mzito kwa usingizi. Alipomnyanyua, chaga zililia tena, kwa muda mrefu, na Wilhelmina akafumba macho akisubiri. Hakikutokea kitu. Alirudi kinyumenyume, mtoto kifuani, asiweze kuugeuzia mtungi mgongo wala kuacha kuutazama. Alipofika uani ndipo sauti ilipomtoka.

"Tokeni! Mayu, toka! Majirani, tokeni ndani, kitapasuka!"

Watu wa Kirumba wana sifa ya kutoka haraka. Walitoka na watoto, na redio, mmoja na sufuria ya ugali ambao haujaiva. Mzee Ngosha, balozi wa nyumba kumi, aliwapanga wote nyuma ya lile jiwe kubwa la juu, akahesabu watu wake mara mbili, akasema wametimia. Hapo wakatulia kungoja.

Wakangoja. Chini, Mwaloni, makuli waliendelea kupakia samaki. Kunguru akatua juu ya bati la nyumba, akatembea, akaruka. Hofu ya Wilhelmina haikupungua hata chembe, lakini ya wenzake ilianza kupoa, maana hofu ya kuazima haikai.

"Mwalimu," alisema jirani mmoja, "hicho kitu umesema ni cha baridi?"

"Cha baridi sana."

"Sasa kitu cha baridi kinapasukaje? Mimi najua kinapasuka kilichoko motoni."

"Ni gesi," Wilhelmina alisema. "Kimiminika kinabadilika hali, mgandamizo unaongezeka, na kwa kuwa ujazo ni uleule..." Aliona nyuso zao zikimwangalia kama Kidato cha Kwanza siku ya kwanza. Mtu mmoja akacheka, kisha wawili. Mwenye sufuria alisema walimu wa siku hizi mishahara haifiki, na akili nazo zimeanza kuchelewa. Hata mzee Ngosha alitabasamu upande.

Halafu mwanamke mmoja, nyuma kabisa, akasema kwa sauti ndogo iliyosikika na kila mtu: "Lakini ni bibi ndiye aliyeliweka chini ya kitanda cha mgonjwa, eti?"

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyehitaji kusema lililobaki. Miaka ile, katika vijiji vya huko kwao, mwanamke mzee mwenye macho mekundu hakuhitaji kufanya kosa ili aitwe mchawi na kuuawa; ilitosha mtoto augue na mtu aulize swali kama lile. Wilhelmina alihisi hofu ya pili ikimwingia juu ya ile ya kwanza, na ya pili ilikuwa na sura za watu anaowafahamu. Alimtazama mama yake. Getruda alikuwa amesikia.

Bibi yule alisimama, akakaza kitenge kiunoni.

"Nalitoa nje," alisema, "kila mtu alione kwamba ni dawa ya ng'ombe ya mwanangu."

"Mayu, hapana!"

"Mimi ndiye niliyeliziba. Nitalizibua."

Akaanza kushuka. Hakukimbia, alitembea kwa hatua za mtu anayekwenda kisimani huku akijua anatazamwa. Wilhelmina alitaka kumkimbilia na mtoto alikuwa mikononi. Alimsukumia balozi mtoto, lakini Precious, aliyeamshwa na kelele, aliing'ang'ania shingo ya mama yake kwa nguvu zote za homa, akilia asiachwe.

"Mayu, rudi! Gesi imejaa! Mgandamizo! Kitakuua!"

Getruda alipunga mkono bila kugeuka, kama mtu anayemtuliza mtoto. Alikuwa amemzoea binti yake kuogopa chupa za soda. Alishavuka ua. Alishapita ungo wa dagaa. Mkono wake ulikuwa umeshashika mwimo wa mlango, na Wilhelmina aliona wazi kabisa kwamba maneno yote aliyosomea hayana hata moja la kumsimamisha mama yake. Ndipo akapiga kelele kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo hakuitumia tangu alipokuwa akichunga ndama, na alichosema ni hiki:

"Mayu! Siyo maziwa! Ni wanzuki! Umeziba wanzuki ikiwa inachemka!"

Getruda akasimama.

Hakuuliza. Wilhelmina aliona mgongo wake ukielewa, aliona mabega yakipanda, aliona mkono ukiachia mwimo kama uliounguzwa. Bibi aligeuka, na uso wake, kwa mara ya kwanza siku ile, ulikuwa na hofu. Alipiga hatua moja kurudi uani. Alianza ya pili.

Mshindo ule ulisikika mpaka Mwaloni. Mabati mawili yaliruka juu ya mawe yakashuka yakizunguka, dirisha likatoka na fremu yake, na mlango wa chumba ukaja nje mzima mzima ukamkumba Getruda mgongoni na kumlaza kifudifudi katikati ya dagaa. Kisha ukungu mweupe ukatoka ndani ya nyumba polepole, ukatambaa uani, ukamfunika. Nyuma ya jiwe hakuna aliyecheka. Mwanamke aliyeuliza swali alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Wilhelmina alikuwa anakimbia, mtoto bado shingoni, akipiga yowe asilolisikia mwenyewe.

Ukungu ulipokwisha, Getruda alikuwa ameketi. Alikuwa na michubuko, na magamba ya dagaa yanang'aa kwenye nywele. Damu nyembamba ilimtoka kila sikio. Alimwona Precious, akamshika miguu, mikono, kichwa, kumkagua kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi, akashusha pumzi. Kisha akamtazama binti yake, aliyekuwa ameanguka magotini akisema na kusema, nisamehe mayu, nisamehe.

"Sema basi," alisema Getruda kwa sauti kubwa. "Mbona unachezesha mdomo tu?"

Daktari wa hospitali alisema ngoma za masikio zimechanika, na huko ndani zaidi pameharibika. Alisema labda masikio yatarudi. Miezi ilipita, labda haikuja.

Nyumba iliezekwa upya. Elias alirudi kutoka machimboni, akaona tundu la kitandani mahali mwanawe alipokuwa akilala, akatoka nje akakaa peke yake mpaka jua likazama. Yule mwanamke wa swali alileta maziwa kila asubuhi bila kuombwa, na Getruda aliyapokea, akayatia kwenye kibuyu, akakiziba. Precious aliyepona siku nyingi ndiye aliyekuta kipande cha jiwe jeusi, kidogo kama punje ya ulezi, kimejinasia kwenye msumari wa bati la zamani. Wilhelmina alikiweka kiganjani. Hakupima kitu. Hofu haikuwa imemtoka. Usiku na mchana aliendelea kusikia kimya cha mtungi ule, na alijua ataendelea.

Jioni moja alichukua ungo, akakaa karibu na mama yake barazani. Alipanga punje za mahindi na maharage, hindi, harage, hindi, harage, safu chini ya safu, mpaka ungo ukajaa mpango. Akautikisa, vikachanganyika vyote. Akapanga tena. Alileta mdomo karibu na sikio la Getruda akaanza kumweleza: jiwe, baridi, kila kimoja kinavyokaa mahali pake kwa kumwogopa jirani yake, maji yale yanayochemka bila moto, na kwa nini kifuniko hulegezwa. Alimweleza habari za Chenge, ambazo hakuwahi kumweleza mtu, hata mumewe. Alisema polepole, kwa Kisukuma, kwa vibuyu na kwa wanzuki, na kila neno lilipatikana, lilikuwepo siku zote. Alisema mpaka koo likamkauka.

Getruda aliutazama ungo, akaitazama midomo ya mwanawe. Akanyoosha kidole, akalirudisha harage moja lililotoka kwenye safu. Kisha akaongea, kwa sauti ile kubwa ya wasiosikia, hata majirani wakageuka.

"Unasema vizuri, mwanangu, nakuona. Lakini asubuhi ile nilikuwa nasikia."